Dawa kali ya chunusi na kliniki iliyonifuatilia mwezi hadi mwezi

Kliniki hii ya ngozi ipo Kampala, ghorofani, juu ya maduka ya vitambaa. Jina silitaji kwa kuwa nina lawama moja nzito juu yake, lakini huduma yake nataka wasichana wenzangu waijue, waidai popote watakapokwenda.

Nilikuwa na chunusi za ndani, zile ngumu zinazouma ukizigusa na kuacha mashimo, kuanzia mashavuni hadi mgongoni. Doksisaiklini, antibiotiki niliyonunua duka la dawa, ilinituliza kwa muda tu. Daktari, mama wa makamo, alinitazama kwenye mwanga wa dirisha, akataja isotretinoini, vidonge vikali vya chunusi, kisha akakataa kuniandikia siku ile. Kwanza nipimwe damu: ini, mafuta ya damu, na mimba. Doksisaiklini niiache kabisa, maana dawa hizo mbili zikitumiwa pamoja zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya kichwa.

Nilikuwa nimetoka Bombo na mama yangu. Lilipofika suala la mimba daktari alisema, "Hajati, naomba nizungumze na binti yako kidogo, sisi wawili." Mama akatoka bila kinyongo. Nikaelezwa waziwazi kwamba dawa hii inaweza kuharibu masikio, uso, moyo na ubongo wa mtoto aliye tumboni, hata mama akiimeza kwa siku chache. Mwanamke asishike mimba mwezi mmoja kabla ya kuanza, muda wote wa matibabu, na mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Mwenye mume au mpenzi atumie njia mbili za uzazi wa mpango kwa pamoja. Nilimwambia sijaolewa. Hakunihubiria wala hakunichimba. Alisema kipimo kitarudiwa kila mwezi vilevile, na posa ikija katikati ya matibabu nimwambie mapema. Marekani wana mpango wa lazima tangu 2006: mgonjwa asiyesajiliwa hapewi dawa. Kwangu mimi ulinzi huo ulikuwa daktari huyu.

Lawama yangu ni mapokezi. Mwezi uliofuata kijana wa kaunta aliita kwa sauti, "Dada wa kipimo cha mimba!" na mabenchi yamejaa watu, wengine majirani wa nyumbani. Nilimweleza daktari, akalichukua kwa uzito, na tangu hapo tunaitwa kwa namba. Lakini msichana mwingine angeona aibu asirudi, akaendelea kumeza dawa bila mtu wa kumwangalia. Hilo ni kosa kubwa kwa kliniki yoyote inayotoa dawa hii.

Dozi aliniandikia kwenye daftari. Nina kilo 60, na lengo lilikuwa miligramu 120 kwa kila kilo, yaani 7,200 kwa matibabu yote. Nilianza na 20 kwa siku, kisha 40. Kidonge humezwa na chakula chenye mafuta, la sivyo mwili haukifyonzi vizuri, nami nikawa nakimeza na roleksi ya asubuhi, ile chapati iliyoviringishwa na mayai. Basi mafuta ya damu yakapanda. Daktari hakunitisha. Alirudisha dozi kwenye 20, akaniambia roleksi niiweke kando, nile ovakado au mchuzi wa karanga, na kipimo kikarudiwa nikiwa sijala tangu usiku. Yaliposhuka tukapandisha tena dozi.

Wiki za kwanza uso ulichafuka zaidi. Alikuwa ameshaniambia, ndiyo maana sikuacha. Midomo ilipasuka, pua ikatoka damu wakati wa kiangazi; vaselini haikutoka mkobani. Kila nilipofika aliniuliza ninalalaje na kama nina huzuni isiyo na sababu, akasubiri jibu. Alinikataza pia kuchangia damu, na kumpa mtu vidonge vyangu. Mdogo wangu aliomba kimoja cha kujaribu, nikavifungia sandukuni.

Gharama inauma. Daktari, maabara na vidonge hulipiwa kila kimoja kando, na Jumatatu foleni ni ndefu. Hata hivyo ningelipa tena. Uso umetulia, mashimo machache yamebaki. Kidonge cha mwisho nimeshameza, na kipimo cha mimba cha mwezi mmoja baadaye wameshanitumia tarehe yake kwa simu, bila kutaja ni kipimo gani.