Altrasaundi ya rangi, Mtwara mjini: kipimo kilichouokoa mkono wa binti yangu

Binti yangu ana miaka 11, tunaishi Tandahimba. Alikuwa na uvimbe kwenye kigasha cha kushoto, na zahanati moja walishasema ni jipu, turudi kesho lipasuliwe. Bibi yake ndiye aliyekataa. Aliweka kidole akasema, "Hiki kinapiga. Jipu halipigi." Nikagusa na mimi: kuna mtetemo chini ya ngozi, kama cherehani inayoshonwa chumba cha pili.

Kituo tulichoelekezwa mjini mashine yao ni ya kawaida, ila dada anayepima anaijua kazi. Alipaka jeli, ikaja picha ya kijivu isiyoniambia kitu. Akawasha rangi, uvimbe wote ukajaa nyekundu na bluu zinazokorogana. Nikadhani nyekundu ni damu safi na bluu ni chafu. "Hapana mama, nyekundu inakuja upande wa kifaa changu, bluu inaondoka." Akafungua sauti: vuu, vuu, vuu, haikatiki hata moyo ukipumzika.

Kwa kawaida, alieleza, damu ya ateri, mshipa unaoitoa moyoni, hupita kwanza kwenye vimishipa vyembamba mno ndipo iingie kwenye vena, mshipa unaoirudisha. Kwa mwanangu vimishipa hivyo havipo pale. Ateri inamwaga moja kwa moja kwenye vena, kiota kizima cha mishipa iliyokorogana. Ukipasua, umefungulia damu. Hata kuifunga tu ateri inayolisha ni kosa: kiota huvuta damu kwingine, na njia ya kupitisha tiba umeiziba mwenyewe. Nilishika meza niliposikia hivyo.

Niliudhika na kusubiri. Tulifika saa 2 asubuhi tukaingia saa 7, mtoto ana njaa bure, maana kipimo cha mkono hakihitaji kufunga kula. Na picha waliyotuchapia haina rangi, kwa hiyo Muhimbili, hospitali ya taifa Dar es Salaam tulikopelekwa baadaye, walianza upya.

Huko walimpima figo, wakampiga CT, eksirei ya kompyuta, kwa dawa ya ayodini inayoonyesha mishipa. Binti alisema mwili ulipata joto ghafla. Kisha wakapitisha mpira mwembamba kutoka kwenye kinena hadi mkononi, wakiufuata kwa eksirei, wakaziba kiota kwa gundi. Hakushonwa hata uzi mmoja. Mtetemo umepungua, haujaisha, tuna awamu ya pili.

Mkienda, rekodini rangi ile kwa simu palepale kitandani. Mimi safari ijayo nitaomba ruhusa kabla dada hajapaka jeli.