Maski mbili, vichwa vitatu: uzoefu wangu

Maski hizi mbili za nywele tumezitumia watu watatu nyumbani: mimi, dada yangu, na binti yake anayeniita mama mdogo. Zangu ni za kipilipili, hazijawahi kutiwa dawa. Dada zake anazipausha kwanza, yaani anazitoa rangi ya asili, ndipo anapaka rangi. Binti ana nywele laini za mawimbi, kila unywele mwembamba, na mafuta yakizidi kidogo tu zinalala chapa kichwani. Makopo yote mawili yameandikwa kwamba yanafaa kwa nywele za aina zote. Hayafai, na nataka mwenye kununua ajue kwa nini.

Ya kwanza ni ya unyevu. Ukisoma orodha ya viambato, baada ya maji unakutana na alkoholi ya setili, gliserini inayovuta unyevu, siagi ya shea na mafuta ya nazi. Hiyo alkoholi isikutishe. Ni ya mafuta, inalainisha, wala si ile kali inayokausha. Ya pili ni ya protini: keratini, yaani protini inayounda unywele wenyewe, na protini ya ngano, zote zimevunjwa vipande vidogo vidogo ili ziweze kushika kwenye unywele, nazo zimetajwa mapema kwenye orodha. Hapo ndipo pa kuangalia kabla hujatoa pesa, kwa sababu viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, na vile vya chini ya asilimia 1 ndivyo vinavyoweza kuchanganywa mpangilio huko mwishoni. Mafuta yenye picha kubwa mbele ya kopo lakini yakatajwa nyuma ya manukato, ujue ni matone tu.

Kwenye kichwa changu ile ya unyevu nimeipenda kweli. Nywele za kipilipili hujikunja tangu zinapotoka, kwa hiyo mafuta ya ngozi ya kichwa hayafiki nchani kirahisi, na kila kona ya mkunjo ni mahali pepesi pa kukatikia. Naosha kwa shampuu kwanza, kisha nakamua maji kwa fulana ya pamba, maana ukipaka maski kwenye nywele zinazotiririka yote inateleza na kwenda na maji. Nagawa mafungu manne, naanza nchani, napanda juu, mizizi naiacha. Raha yake iko hapa: fungu lililokuwa limeshikamana kama kamba linaanza kulegea kati ya vidole, mikunjo inaachana mmoja mmoja, na chanuo lenye meno mapana linapita bila ile sauti ya nywele kukatika. Navaa kofia ya plastiki, nafunga taulo lililochovywa maji moto na kukamuliwa, nakaa dakika 20. Wapo wanaolala nayo usiku kucha. Sioni wanachoongeza zaidi ya mto uliolowa.

Ile ya protini kichwani kwangu ni habari nyingine. Baada ya kuosha, nywele zilikuwa ngumu, kavu, zikiguswa zinatoa mlio. Nilichukua unywele mmoja uliong'oka, ukiwa bado umelowa, nikauvuta taratibu kwa vidole viwili: haukunyooka hata kidogo, ukakatika pale pale. Unywele wa hivyo unadai unyevu, protini umeshatosheka.

Unywele wa dada kabla ya maski ulifanya kinyume chake. Ulivutika, ukavutika, haukurudi, halafu ukakatika. Dawa ya kupaushia inaharibu magamba ya nje ya unywele na kula protini iliyo ndani, ndiyo maana nywele zake hunyonya maji upesi na kukauka upesi vilevile. Alipotumia ile ya protini, unywele ulivutika kidogo ukarudi mahali pake. Tofauti ilionekana hata kwenye kitana, maana vipande vifupi alivyokuwa akivikuta kila anapochana vilipungua sana. Lakini haitumii kila anapoosha. Akiitumia mara moja, inayofuata huwa ni ile ya unyevu, na hiyo zamu ndiyo inayomfaa. Kipimo hiki cha kuvuta unywele uliolowa nakiamini kuliko kile cha kuuacha uelee kwenye glasi ya maji, kwa sababu unywele ukiwa na mafuta utaelea tu, hata uwe umeharibika namna gani.

Kwa binti, ile ya unyevu ikitumiwa kama kopo linavyoelekeza inamfanya aonekane hajaosha nywele, na shea ndiyo inayomlemea. Tuligeuza utaratibu: anapaka kidogo nchani kabla ya shampuu, anakaa dakika chache, kisha anaosha. Hapo mawimbi yake yanasimama vizuri na ncha hazikwaruzi. Kupaka kabla ya kuosha kuna msingi, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika Journal of Cosmetic Science ulionyesha kwamba mafuta ya nazi, yakipakwa kabla au baada ya kuosha, hupunguza protini inayopotea kwenye nywele, wakati mafuta ya alizeti na yale ya madini, yatokanayo na petroli, hayakufanya hivyo.

Sasa ahadi za kwenye makopo. Ncha iliyopasuka haiungwi na maski yoyote, dawa yake ni mkasi. Unywele uliokwisha kutoka kwenye ngozi hauna uhai wa kujiponya. Kinachotokea ni kwamba vilainishi vyenye chaji chanya vinanasa kwenye sehemu zilizoharibika, ambazo zina chaji hasi, na kuzifunika mpaka zioshwe. Kazi hiyo ni nzuri, inatosha, wala haihitaji kuitwa tiba. Na kukuza nywele? Nywele hurefuka kwenye mzizi, kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, upake usipake. Maski inasaidia ule urefu usikatikie njiani.

Manukato ya ile ya protini ni makali kupita kiasi, na makopo yote mawili yana mdomo mpana unaoingiza maji ya mikononi, kwa hiyo tunachota kwa kijiko kikavu. Mwenye ngozi nyepesi kuwasha ajaribu kidogo nyuma ya sikio, angoje siku mbili. Mwenye mba atafute dawa ya mba, maski hizi si kazi yake.

Ile ya unyevu nitainunua tena bila kusita. Ya protini namwachia dada mpaka atakapoacha kupausha. Kwa binti tunatafuta nyingine, nyepesi, isiyo na shea, yenye gliserini iliyotajwa mapema kwenye orodha, na ikiwezekana yenye mdomo mwembamba.