Nyumba za Park Road Ngara: nimekaa wiki tatu, haya ndio maoni yangu

Nimekaa kwa dadangu Park Road, Ngara, hapa Nairobi, wiki tatu nikiuguza mguu na watu wameniuliza sana kama hizo nyumba za bei nafuu za serikali ziko sawa, so wacha niseme vile nimeona.

Yake ni ya vyumba viwili vya kulala, skwea mita 40, zile zilitangazwa milioni 2. Ni ndogo, tusidanganyane, mkiwa na watoto watatu mtagongana. Lakini asubuhi dada anatoka saa moja kasoro, anatembea tu na miguu, kwa nusu saa yuko kazini tao na hajalipa mtu nauli. Jioni bado kuna mwanga anapika.

Mimi niko na ploti Joska, nje ya Nairobi, futi 50 kwa 100, nililipia kampuni fulani pole pole miaka minne na hati mpaka leo naifuata. Hata nikijenga kesho nitakuwa naamka saa kumi usiku juu ya jam ya Kangundo Road. Ploti ilikuwa bei rahisi, ni kuishi huko ndio ghali.

Park Road iliwezekana juu ile ardhi ilikuwa ya serikali tayari, kulikuwa na kota za zamani, kwa hivyo nyumba 1,370 zimejengwa na mnunuzi halipishwi shamba la Ngara kwa bei ya soko. Ndio maana naumia nikiskia ardhi ya umma imepewa mtu. Esteti za kaunti kama Bahati, Ziwani na Jericho zikienda hatutapata zingine karibu na tao milele. Wajenge, sawa, lakini wapangaji wa zamani wahesabiwe kwanza, vile wapangaji 48 wa esteti ya zamani ya Pangani waliwekwa mbele kupata nyumba mpya.

Kitu kimenisumbua ni depositi. Unajisajili Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuomba hizi nyumba, hata kwa kabambe unapiga *832#, alafu unaweka akiba ya depositi, ambayo ilikuwa asilimia 10 ya bei. Ya milioni 2 hiyo ilikuwa laki mbili. Mama mboga akiweka mia mbili kila siku bila kuruka ni siku elfu moja, na hapo katikati mtoto akiitwa sekondari akiba inasimama. Mshahara wangu unakatwa asilimia 1.5 kwa hii sheria ya nyumba za bei nafuu ya Machi 2024, nakatwa na roho safi kama huyo mama mboga pia ataingia.

Ile ya mnunuzi kukatazwa kuuza nyumba bila idhini ya bodi ya hizi nyumba za bei nafuu naiunga mkono kabisa, bila hiyo mtu mmoja angekusanya ishirini atupangishie.

Kama unafikiria kuchukua nyumba ama ploti mahali popote, usiende kuiona Jumapili. Enda Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, simama kwa geti, alafu uanze kwenda kazini ukihesabu dakika.