Metsatöll, toleo la 10218: uzoefu wangu

Kila anayeiona kwangu CD hii ya Metsatöll, bendi ya Estonia ya metali, yaani roki nzito, huniuliza hiyo 10218 ni ya nini. Ni mwaka. Wapagani wa Estonia wa leo wana kalenda yao, inayoanza kuhesabu 8213 kabla ya Kristo, mwaka ambao kwa hesabu yao maji ya ziwa kubwa la barafu iliyoyeyuka yalipasua njia huko Billingen, Uswidi, yakashuka ghafla na nchi kavu ikaibuka. Jumlisha 8213 na 2005. Metsatöll walipoitoa upya albamu yao ya kwanza, Terast mis hangund me hinge ya 2002, waliibandika mwaka wa kalenda hiyo. Bendi nyingi za metali ya kipagani huishia kwenye pembe za kunywea pombe na picha za misitu yenye ukungu. Hawa wameona hata tarehe ya Kanisa haiwafai. Kwangu hilo peke yake lilitosha kufungua pochi.

Sasa muziki. Mpenzi wa blaki metali halisi, ile ya kupiga mayowe juu ya gitaa linalovuma kama nyuki, atapata kidogo tu hapa. Mdundo mara nyingi ni wa kutembea, mzito, na sauti ya Markus Teeäär inakwaruza lakini maneno yanasikika. Mtu wa kumfuata kwa sikio ni Lauri Õunapuu. Yeye ndiye mwenye filimbi, mwenye kannel, ile ala ya nyuzi inayolazwa na kudonolewa kama kanuni ya taarabu, na mwenye torupill, zumari la mfuko ambalo zamani watu wa visiwani na pwani ya magharibi ya Estonia walilitengeneza kwa tumbo la sili, yule mnyama wa baharini. Ndiyo, tumbo la sili. Likianza kulia halinyamazi, kuna sauti moja inayokaa chini muda wote, na gitaa la umeme linalazimika kulifuata. Nimesikia bendi nyingi za Ulaya zikipachika filimbi juu ya wimbo uliokwisha kukamilika, kama pambo. Hapa ukiitoa ala ya kienyeji, wimbo unabaki mifupa.

Kingine kilichonishika ni uimbaji. Waestonia wana regilaul, nyimbo za kale ambazo mmoja huanzisha mstari na wenzake huurudia, mstari wa mizani nane, herufi za mwanzo zikigongana. Sijui Kiestonia, ila nikifika mara ya pili au ya tatu najikuta naitikia. Sisi tuliokulia kwenye ngoma na kuitikiana hatuhitaji kufundishwa hilo. Kwenye maneno kuna vita vingi, hasa vya karne ya 13 na 14 dhidi ya wapiganaji wa msalaba na mabwana wa Kijerumani, zama za uasi wa usiku wa Mtakatifu George wa 1343. Ukisoma kidogo historia hiyo kabla ya kusikiliza, hasira yake inaeleweka.

Malalamiko ninayo. Kazi ya studio inaonyesha kwamba hii ni bendi iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza: gitaa limekauka, na zumari likipaa juu nikiwa na hedifoni, masikio yanauma. Kwenye spika za sebuleni, ukiongeza besi kidogo, inakaa vizuri zaidi. Pia nusu ya pili inanichosha. Kasi haibadiliki vya kutosha. Na muuzaji niliyemwagizia alifunga mzigo kwa bahasha tu, kasha likafika limepasuka pembeni. Diski salama, lakini aliyelipia kitu cha kuweka kwenye rafu anastahili boksi.

Je, ununue? Kama hujawahi kuwasikia kabisa, anza na albamu yao Hiiekoda ya 2004, imekaa sawa zaidi. Kama unawajua kupitia Raua needmine, ile kazi ya mtunzi Veljo Tormis waliyoifanya 2006 na kwaya ya taifa ya wanaume ya Estonia, basi 10218 itakuonyesha walikuwaje kabla ya majukwaa makubwa. Mimi ningeipa nne kwa tano, na hiyo moja naikata kwa ajili ya sauti ya gitaa.