Les Misérables ya mwaka 2012: Kamera Iliyomkaribia Mtu na Kuupoteza Umati

Katika filamu ya Les Misérables iliyoongozwa na Tom Hooper, kuna wimbo mmoja ambao karibu wote umepigwa picha bila kukatwa. Uso wa Anne Hathaway umeijaza skrini, nywele zimenyolewa hovyo, machozi na kamasi vimechanganyika, na pumzi yake inasikika kabla ya kila mstari. Wimbo huo ni wa Fantine, mfanyakazi wa kiwandani aliyefukuzwa kazi, akauza nywele, kisha meno, na hatimaye mwili wake ili binti yake asife njaa. Nimeutazama mara nyingi, na kila mara nasahau kwamba naujua kila neno lake. Filamu hiyohiyo inapoleta mamia ya watu barabarani, bendera nyekundu zikipepea na bunduki zikilia, mara nyingi nabaki nimekaa tu, nikistaajabia ukubwa wa gharama. Hali hizo mbili, zilizotoka katika mkono wa mwongozaji mmoja, ndizo zilizonifanya niandike tathmini hii.

Inafaa kukumbuka kilichochukuliwa jukwaani. Riwaya ya Victor Hugo ilitoka mwaka 1862. Mwaka 1980 Alain Boublil na mtunzi wa muziki Claude-Michel Schönberg waliigeuza kuwa mchezo wa nyimbo na kuuonyesha Palais des Sports, Paris. Miaka mitano baadaye mtayarishaji Cameron Mackintosh, kwa ushirikiano na Royal Shakespeare Company, kampuni ya maigizo ya Uingereza, aliufungua London kwa Kiingereza, tarehe 8 Oktoba 1985, mashairi yakiwa yameandikwa upya na Herbert Kretzmer. Wahakiki wengi wa magazeti waliuponda, lakini watu walipanga foleni za tiketi. Waongozaji Trevor Nunn na John Caird, pamoja na msanifu wa jukwaa John Napier, waliujenga mchezo juu ya sakafu inayozunguka, kiasi kwamba miaka, miji na majeshi vilipita mbele ya mtazamaji bila pazia kufungwa. Mtu aliyeuona hakukumbuka nyuso tu, bali pia mzunguko ule: watu wakitembea bila kufika, na lundo la meza na viti lililokuwa kizuizi cha waasi likigeuka polepole kuonyesha maiti upande wa pili.

Kwa hiyo swali la kuuliza si kama filamu imeheshimu mchezo. Imeuheshimu, pengine kupita kiasi. La kuuliza ni kamera itaweka nini mahali pa sakafu ile. Jibu la Hooper ni uso wa mwigizaji, akiwa anaimba papo hapo.

Katika filamu nyingi za nyimbo, sauti hurekodiwa studio kwanza, kisha mwigizaji hufuatisha midomo mbele ya kamera. Wakati mwingine sauti huwa si yake kabisa. Marni Nixon aliimba badala ya Natalie Wood katika West Side Story ya mwaka 1961 na badala ya Audrey Hepburn katika My Fair Lady ya mwaka 1964. Hapa kila mwigizaji alivaa kipaza sauti kidogo sikioni, akasikia piano iliyopigwa mubashara pembeni, na mpiga piano ndiye aliyemfuata mwimbaji, wala si kinyume chake. Okestra iliongezwa baadaye. Matangazo ya wakati ule yalilieleza jambo hili kana kwamba halikuwahi kutendeka, jambo ambalo si kweli: katika hiyohiyo My Fair Lady, Rex Harrison alikataa kufuatisha midomo na akaimba akiwa na maikrofoni isiyo na waya iliyofichwa kwenye tai. Jipya lilikuwa kiwango. Huu ni mchezo ambao karibu wote huimbwa, hata maagizo ya askari na matusi ya barabarani, na kuutekeleza kwa njia hiyo kwa dakika 158 kulihitaji ujasiri ambao sina budi kuusifu.

Faida yake inasikika. Mwimbaji anaweza kusita katikati ya mstari kwa sababu wazo limemjia, akalimeza neno, au akaliacha likatike. Hasara yake nayo inasikika, ingawa wengi wanaoisifu filamu huipita kimya. Muziki wa Schönberg umejengwa juu ya mwendo, juu ya mapigo yanayomsukuma mtu mbele hata kama hataki kwenda, na mwendo ukiachiwa kila mwigizaji, wimbo huanza kulegea kama kamba iliyofunguliwa upande mmoja. Okestra iliyorekodiwa baadaye inalazimika kumnyatia mwimbaji kwa nyuma. Jukwaani okestra na mwimbaji husukumana, na katika msukumano ule ndimo nywele za mtazamaji zinaposimama.

Wimbo wa Fantine unanufaika na uhuru huo kuliko mwingine wowote, lakini nadhani siri yake kubwa ni uhamisho. Jukwaani anauimba mara tu baada ya kufukuzwa kiwandani, kabla hajauza chochote, na kwa hiyo ni wimbo wa mwanamke anayekumbuka mapenzi yaliyomtoroka. Filamu imeusogeza hadi baada ya mteja wake wa kwanza. Maneno ni yaleyale na sauti ni zilezile, ila sasa zinatoka kwa mtu ambaye hana tena cha kupoteza, na kumbukumbu imekuwa hukumu. Hapa Hooper ameelewa jambo ambalo waigaji wengi wa jukwaa hawalielewi, kwamba kubadilisha mahali pa wimbo kunaweza kuwa uaminifu mkubwa kuliko kuuacha ulipokuwa. Hata meno aliyouza Fantine yanatoka kwa Hugo mwenyewe. Mchezo wa London uliridhika na kidani na nywele. Hathaway hayupo kwenye filamu kwa muda mrefu, lakini aliondoka na Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, na sioni wa kumnung'unikia.

Tatizo ni kwamba dawa iliyomponya Fantine imepewa kila mgonjwa. Valjean, mfungwa mtoro, akisali, uso. Javert, polisi anayemwinda, akiapa kwa nyota, uso, japo angalau amesimama ukingoni mwa paa na Paris imelala chini yake. Marius, mwanafunzi mwasi, akiwalilia marafiki waliokufa, uso tena. Lenzi ya mpiga picha Danny Cohen iko karibu sana, mara nyingi ikimweka mwimbaji pembeni mwa fremu, na ikifika saa ya pili nilianza kutamani kuona mikono ya mtu. Jukwaani mwigizaji ana mwili mzima, na aliyekaa mstari wa nyuma kabisa huchagua mwenyewe pa kutazama. Kuna heshima fulani katika umbali ule. Mtu akilia mbali nawe unamsogelea kwa moyo. Akiliwa na kamera hadi tundu za pua, unaanza kujitetea.

Pigo kubwa zaidi limeiangukia tamati ya sehemu ya kwanza. Waliowahi kukaa ukumbini wanaujua wimbo ule wa siku moja iliyobaki, ambamo wapenzi, polisi, wezi, wanafunzi na mfungwa mtoro wote huimba kwa pamoja, kila mmoja na sauti yake na nia yake, huku wakipiga hatua wamepangana kama kabari nyuma ya bendera. Wote wako mbele yako kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo maana yote ya wimbo: hatima tofauti zimefungwa katika mpigo mmoja, na hakuna anayejua mwenzake anawaza nini. Filamu inauvunja vipande, ikiruka kutoka gari la Valjean hadi chumba cha Marius hadi kwa askari wa Javert, ikituonyesha kila anayeimba anapoimba. Kila mtu anaonekana vizuri na mshikamano umekufa. Isitoshe, jukwaani hufuata mapumziko, watu wakitoka na koo zimekauka. Filamu haina mapumziko, hivyo kilele kile kinafuatwa mara moja na tukio jingine kubwa.

Hata hivyo nikiri kwamba tukio hilo linalofuata ndilo linaloipinga hoja yangu. Wimbo wa wanafunzi wa kuwaita watu wauimbe uasi, ambao jukwaani hutokea mapema zaidi, umehamishiwa kwenye mazishi ya Jenerali Lamarque, aliyependwa na maskini, mwezi Juni mwaka 1832. Unaanza kwa sauti ya chini mno, karibu mnong'ono, kati ya watu waliosimama kando ya njia huku jeneza likipita mbele ya askari wapanda farasi. Sauti inapanda pole pole, kutoka mdomo hadi mdomo, mpaka gari la maiti linatekwa. Hakuna jukwaa linaloweza kufanya hivyo, kwa maana jukwaa haliwezi kutuonyesha hofu ya mtu kabla hajafungua kinywa katikati ya maelfu. Kwa dakika chache kamera imeujua umati. Sielewi kwa nini iliusahau tena.

Kwenye waimbaji sitakawia. Hugh Jackman, ambaye alishinda Tuzo ya Tony, ya maigizo ya jukwaani Marekani, kwa mchezo wa nyimbo, anambeba Valjean kwa nguvu na uchovu wa kweli, ila sala ya kumwombea Marius, iliyotungiwa sauti laini ya juu ya mwimbaji wa jukwaani Colm Wilkinson, yeye anaiimba kwa kukaza misuli, na sala ikawa kazi ya kunyanyua mzigo. Russell Crowe amelaumiwa kuliko anavyostahili: sauti yake ni nyembamba kwa Javert, lakini ugumu wake wa mwili unamfaa mtu ambaye sheria imemwingia hadi mifupani. Eddie Redmayne, aliye Marius, ndiye aliyenishangaza zaidi. Samantha Barks, aliyemwimba Éponine, msichana anayempenda Marius bila kupendwa, katika tamasha la kuadhimisha miaka 25 ya mchezo, anaimba kwenye mvua kana kwamba kamera haipo, na pengine ni kwa sababu alikuwa ameuzoea wimbo wake kiasi cha kutohitaji kuuthibitisha. Sacha Baron Cohen na Helena Bonham Carter, wenye nyumba ya wageni na wezi wa kila mfuko, wana vituko vingi na kicheko kidogo. Utani ule ulitungwa kwa ukumbi unaojibu, na kimya cha skrini kinauua.

Wimbo mpya mmoja umeongezwa, ambao Valjean anauimba ndani ya gari la farasi akiwa na Cosette mdogo, binti ya Fantine, amelala. Uliteuliwa kuwania Oscar. Siukumbuki hata kipande chake ninapozima skrini, lakini kazi yake katika hadithi ni ya haki: jukwaani mfungwa anageuka baba kwa haraka mno.

Kuna makosa mawili ambayo siwezi kuyasamehe. La kwanza ni kifo cha Javert. Jukwaani daraja hupaa juu na yeye hubaki akianguka bila kwenda popote, mwanga ukimzunguka kama maji, na ni mojawapo ya hila rahisi na nzuri za mchezo mzima. Filamu inamtupa mtoni kweli na kutusikilizisha mfupa ukivunjika, mlio ambao uliwachekesha baadhi ya watu niliokuwa nimekaa nao. La pili ni Éponine. Mwishoni mwa mchezo, yeye na Fantine humjia Valjean anayekufa. Katika filamu Fantine anakuja peke yake. Msichana aliyekufa bila kupendwa ameondolewa hata katika huruma ya mwisho.

Nani basi aitazame? Aliyeuzoea mchezo na anayetaka kuusikia ukiimbwa vizuri atakwazika, na ningemshauri atafute rekodi ya tamasha. Ambaye hajawahi kuingia ukumbini ataelewa hadithi vizuri kuliko nilivyoielewa mimi mara ya kwanza jukwaani, kwa kuwa filamu inafafanua miaka na sababu ambazo sakafu inayozunguka ilizipitia mbio. Na yeyote atakayeitazama atumie vipaza sauti vizuri: pumzi, mikwaruzo ya koo na kimya kati ya mistari ndivyo alivyovinunua Hooper kwa gharama ya muziki, na filamu ilipata Oscar ya kuchanganya sauti kwa haki kabisa.

Askofu anayempa Valjean vinara vya fedha mwanzoni anaigizwa na Colm Wilkinson, Valjean wa kwanza wa London. Asiyejua ataona mzee mwenye sauti nzuri tu. Anayejua ataona mtu akimkabidhi mwenzake jukumu, na zaidi ya saa mbili baadaye, Fantine anapomwongoza Valjean aliyekufa, ni mzee yuleyule anayemngoja mlangoni. Kisha tunatoka nje, na juu ya kizuizi kikubwa mno, kisichoweza kuwa cha dunia hii, wafu wote wamesimama wakiimba, Éponine naye akiwa kati yao. Hapo, hatimaye, kamera inarudi nyuma, na nyuma zaidi, mpaka hakuna uso unaotambulika. Ukumbini watu husimama wakati huo na kupiga makofi mpaka viganja viwake. Kwenye skrini majina yakaanza kupanda, nami nikarudisha filamu nyuma dakika mbili.