Shule ya mtandaoni tukiwa Lamu: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Binti yangu ana ugonjwa wa seli mundu (sickle cell). Msimu wa Kusi ukiingia na baridi yake, viungo humuuma mpaka hawezi kushuka ngazi. Alipokuwa gredi ya 6 alilala nyumbani wiki tatu mfululizo, na shuleni hakuna aliyepiga simu kuuliza yuko wapi. Aliporudi, kwenye hesabu wenzake walikuwa wameshamaliza sehemu na wako kwenye asilimia. Aliniambia, "Mama, hata hawakujua kama sikuwepo." Neno lile lilinikaa moyoni. Septemba 2024 tukamwandikisha shule ya mtandaoni, mwaka wa 7 wa mtaala wa Uingereza.

Wengi huniuliza kama ni kuangalia video tu. Sivyo. Kuna ratiba, kuna kengele, kuna mwalimu aliye mbele yao wakati huohuo, na darasa la binti yangu lina watoto 14. Kila somo hurekodiwa. Kazi ya ziada huwekwa kwenye ukurasa wake na hurudi imesahihishwa, na maelezo pembeni. Wiki ya kwanza walimpima hesabu na Kiingereza, wakaona lile pengo la asilimia, wakampa kipindi cha ziada kila Jumatano, watoto wanne na mwalimu mmoja. Hakulipishwa zaidi kwa hilo.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni mwalimu mlezi. Kila mtoto ana wake. Novemba ile ya kwanza maumivu yalimshika usiku, na asubuhi mimi nilikuwa nahangaika na maji ya moto na dawa, shule sikuikumbuka. Somo lilipopita robo saa bila yeye kuonekana, simu yangu ikaingia ujumbe: yuko salama? Nikajibu. Jioni mwalimu akapiga mwenyewe. Hakuuliza habari ya kazi, aliuliza anakula nini na analala vipi, kisha akasema masomo yote ya wiki hiyo yamerekodiwa, aanze na sayansi kwa sababu ndiyo anayoipenda, mengine yangoje. Siku ya nne nilimkuta amelala ubavu, mto chini ya goti, laptopu imeegemezwa ukutani, anasimamisha rekodi na kuandika, anasimamisha tena. Nilikaa mlangoni nikamtazama, sikuingia.

Saa ndizo zilizotusumbua. Saa tatu asubuhi ya London kwetu ni saa sita mchana, lakini wakiwa kwenye majira yao ya joto ni saa tano. Mwisho wa Oktoba walirudisha saa zao nyuma na hakuna aliyetukumbusha. Mtoto akakaa saa nzima mbele ya skrini tupu. Nililalamika, na tangu hapo ratiba huja na saa za Kenya. Kwa upande mwingine mpango huu umetufaa: asubuhi anakwenda chuoni, yaani madrasa, adhuhuri anaswali wakati wa mapumziko, na kufikia saa kumi amemaliza.

Nyumba yetu iko Mkomani, ya mawe ya matumbawe, kuta nene. Ndani intaneti haipenyi kabisa. Tumehamishia darasa darini, chini ya makuti, na umeme ukikatika tuna pawabanki ya ruta. Bando ni gharama ya kweli, ihesabuni pamoja na karo. Shule ilituonyesha jinsi ya kupunguza ubora wa picha ili sauti isikatike, na hilo lilisaidia kuliko kununua bando kubwa. Ila mafundi wao wana kasoro: ukiwaandikia Ijumaa, jibu utalipata Jumatatu.

Nilikuwa na hofu ya sayansi bila maabara. Wiki moja kabla ya somo la asidi na besi, orodha ililetwa: kabichi nyekundu, limau, magadi. Kabichi nyekundu sikuipata sokoni. Binti yangu akamwandikia mwalimu, naye akamwuliza tuna ua gani jekundu jikoni. Rozela, ile tunayochemshia juisi! Akachemsha, akagawa kwenye bilauri mbili. Limau likaifanya nyekundu ya kuwaka, magadi yakaigeuza kijani kibichi cha kusikitika. Bibi yake, aliyekuwa akiita "Ndoo ule" (njoo ule) tangu chini, alipanda mwenyewe kuja kutazama, na mwalimu akamsalimu.

Wanachokosa kwangu ni Kiswahili. Hakimo kwenye ratiba. Mtoto wa Lamu, mji wa tenzi, hana kipindi hata kimoja cha lugha yake, na sijaridhika na jibu kwamba wanafunzi wanaokihitaji ni wachache. Mjomba wake humfundisha insha na ushairi kila Jumamosi.

Na marafiki? Hao anao mtaani, jioni barazani. Wa darasani anawajua kwa sauti.

Ulizeni habari ya mtihani kabla ya kulipa. Mtaala huu hauishii kwenye mtihani wa taifa wa gredi ya 9, una wake mwisho wa mwaka wa 11, na lazima ufanyiwe kwenye kituo kinachotambuliwa. Sisi tumeambiwa tutazame Mombasa. Nimeshaanza kuweka nauli, ya mashua hadi Mokowe na ya basi, ya watu wawili.