Windows 11 24H2 na Wi-Fi 7: Kasi Inatangazwa, Utamu Uko Kwingine

Karibuni watazamaji. Leo tuko na Windows 11 toleo la 24H2, lililoanza kusambazwa kwa umma Oktoba 2024, na tunazungumzia Wi-Fi tu. Hili ndilo toleo lililoziletea kompyuta zetu za kawaida Wi-Fi 7, yaani kizazi cha saba cha Wi-Fi.

Matangazo yote yanaimba kasi. Ni kweli, chaneli, yaani njia inayopitisha data hewani, imepanuliwa kutoka megahezi 160 hadi 320. Lakini upana huo unapatikana kwenye masafa ya gigahezi 6 peke yake, na masafa hayo hayapendi kuta. Ukihamia chumba cha pili, hesabu inabadilika.

Kilichonivutia mimi ni MLO (Multi-Link Operation), yaani kuunganishwa kwa masafa zaidi ya mamoja kwa pamoja. Zamani laptopu ilichagua masafa mamoja, tuseme gigahezi 5, ikang'ang'ania hapo hata yakijaa. Sasa inaunganishwa na ruta kwa masafa mawili, 5 na 6, chini ya muunganisho mmoja. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hapa moja likiponyoka, jingine bado unalo. Kwa anayecheza gemu au kukaa kwenye mikutano ya video, hilo lina thamani kuliko namba za kasi. Ila mjue, chipu nyingi za laptopu hazipokei data kwenye masafa yote mawili papo hapo. Zinasikiliza kote, kisha zinarukia palipo wazi, haraka mno.

Sasa masharti, maana hapa ndipo watu wanapolia. Sasisho peke yake halikupi Wi-Fi 7. Unahitaji kadi ya Wi-Fi 7, draiva yake (programu inayoiendesha kadi hiyo), ruta ya Wi-Fi 7, na usalama wa WPA3, aina ya ulinzi wa mtandao inayowekwa kwenye ruta. Kimoja kikikosekana, utabaki kwenye Wi-Fi ya zamani, na Windows haitakuambia chochote! Nenda mwenyewe kwenye Mipangilio, fungua sifa za mtandao uliounganishwa, utazame mstari wa itifaki (Protocol). Ukiona 802.11be, jina la kitaalamu la Wi-Fi 7, umefika. Ukiona 802.11ax, hiyo ni Wi-Fi 6 au 6E.

Usiye na kadi mpya nawe una chako: ukifungua neno la siri la Wi-Fi yako, unapata msimbo wa QR. Mgeni anaelekeza kamera ya simu, anaingia. Hakuna tena kutajiana herufi moja moja.

Je, ununue laptopu mpya kwa ajili ya haya? Kama ruta yako ni ya Wi-Fi 5, hapana. Anza na ruta.